Bahasha za Mjomba Chokaa

"Mjomba, mkono uliovunjika unapona vizuri zaidi kwa kipi, kwa plasta au kwa waya?"

Nilikuwa darasa la tano nilipomuuliza. Yeye, ambaye hakuwahi kukosa jibu hata la swali asiloulizwa, alijitia kutafuta miwani. Miwani ilikuwa puani.

Mjomba Chokaa ni fundi plasta wa hospitali. Jina hilo alipewa na wauguzi, kwa vumbi jeupe linalomkaa kwenye nyusi hata siku za mapumziko. Chumbani mwake mna beseni la maji vuguvugu, kiti kimoja na msumeno wa kukatia plasta unaolia kama nyigu aliyefungiwa kwenye chupa. Kwa miaka kumi na tisa, kila aliyeteleza akajikinga kwa kiganja na kuvunja kifundo cha mkono aliishia kwenye kiti kile, akizungushiwa bandeji mbichi huku Mjomba akimchimba habari za wakwe zake ili asahau maumivu.

Kisha akaja daktari mpya, dada mdogo wa sura na mpole wa sauti, aliyekuwa akishikiza mifupa kwa vyuma vyembamba alivyoviita waya. Mkuu wa hospitali akataka vilinganishwe na plasta. Waya zikishinda, chumba cha plasta kingegeuzwa stoo na Mjomba angekwenda kusukuma matoroli ya mashuka.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Bahasha zilizofungwa zilijazwa kwenye boksi. Ndani ya kila moja mlikuwa na neno moja, plasta au waya. Mgonjwa akikubali kushiriki, inachukuliwa ya juu, inafunguliwa, basi. Asichague daktari, asichague mgonjwa. Boksi likakaa mezani kwa Mjomba, maana kila mtu alimwamini.

Siku ya nne aligundua kuwa bahasha ikiinuliwa dirishani, neno linasomeka.

Hapo shetani hakuwa na haja hata ya kubisha hodi. Akija kijana mwenye misuli na mfupa uliopasuka kistaarabu, Mjomba anapekua boksi mpaka apate plasta. Akija bibi mkaidi mwenye mifupa ya biskuti, anapewa waya. "Bahati yako hiyo, mama," anamwambia, akiitazama dari.

Kila mgonjwa alirudi kupimwa miezi mitatu baada ya kutibiwa. Walibana mpira wenye saa ya kuonyesha nguvu, wakakamua tambara, wakazungusha ufunguo. Jioni moja, miezi tisa tangu boksi lifike, daktari aliingia chumbani na karatasi zake.

"Mzee wangu, plasta inachechemea."

"Itachechemea vipi, daktari, nayo haina miguu?"

"Watu wako hawawezi kukamua tambara."

Alimsomea mmoja mmoja. Fundi magari alijikata plasta mwenyewe kwa msumeno wa chuma wiki ya pili, eti ilimwasha. Golikipa alidaka nayo mechi tatu. Mwingine aliogelea, plasta ikalainika kama mkate uliochovywa kwenye chai. Wale bibi zake wa waya, nao, walifika kila miadi nusu saa kabla, wakafanya mazoezi ya vidole kama wanajeshi, na mmoja alimbana daktari mkono mpaka pete ikamwumiza.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mjomba aliona stoo, akaona matoroli. Akikaa kimya, plasta inazikwa kwa kosa lisilo lake. Akisema, anazikwa yeye. Aliosha beseni lililokuwa safi. Akalikausha. Akaliosha tena.

"Wale vijana niliwachagua mimi," alisema mwisho. "Bahasha zinaonekana ndani. Nilitaka plasta ishinde."

Daktari alikaa kwenye kiti cha wagonjwa.

"Yaani mzee umeibia mtihani," akasema, "na bado umefeli."

Kazi ya miezi tisa ilitupwa. Mjomba alipewa barua ya onyo, na mkuu alitaka aende kwenye mashuka siku ileile. Daktari ndiye aliyemzuia: plasta ikifungwa na asiyejua kuifunga, ulinganisho utakuwa wa uongo vilevile. Zikaja bahasha nyingine zenye karatasi nyeusi ndani, zikafungiwa kwenye kabati la duka la dawa, na ufunguo akapewa mfamasia, mwanamama asiyecheka na mtu. Shangazi, mke wa Mjomba, alicheka kwa niaba yake. Kwa wiki nzima kila alipompa mumewe barua ya nyumbani aliiinua kwanza kwenye taa.

Miaka mitatu Mjomba alifunga plasta za wakaidi na wasikivu, wa mifupa ya chuma na ya biskuti, bila kujua nani anafuata. Majibu yalitoka mwezi uliopita. Bado anafunga plasta mle mle. Nilimkuta akisugua nyusi kwenye kioo, nikamkumbusha swali langu la darasa la tano, na safari hii hakutafuta miwani.

"Wiki za mwanzo, waya," alisema. "Ukifika mwaka, hapa kwetu, wametoka sare, mkono wa huyu na wa yule huwezi kuitofautisha. Ungening'ang'ania wakati ule ningekuapia ni plasta, mwanangu, na ningeapa kwa moyo mweupe kabisa, huku boksi nimelikalia."