Mama Apolinaria wa Goweko na Debe la Asali

"Mtakatifu gani huyu, anacheka mpaka kwenye foleni ya maji?" Siwema, jirani yake, aliuliza siku moja kisimani. Mama Apolinaria akazidi kucheka. Jibu ni maisha yake.

Alizaliwa Goweko mwaka 1911, binti wa mrina asali. Siku ya Kipaimara alimwahidi Mungu kwamba ulimi wake hautasema uongo, na ahadi hiyo aliishika kwa furaha, si kwa kununa kama wengine tunavyoshika zetu. Aliolewa na Kasimiri. Mungu akamchukua Kasimiri mapema, akamwachia mjane mizinga ya nyuki na kicheko chake.

Mwaka 1956 mwalimu Justus alimwomba awapelekee walimu wenzake wa Tabora kadi kumi na tisa za chama cha kudai uhuru. Wakoloni walikwisha kuwakataza walimu kujiunga na chama. Kadi ikionekana, mwalimu hana kazi. Wakazifunga kwa nta, wakazizamisha ndani ya debe la asali.

"Mama, ukiulizwa, sema ni asali tu."

"Siwezi, mwanangu. Nitasema kilichomo, mengine ni ya Mungu."

Alikwenda kwa miguu, njia ya zamani ya misafara, siku mbili na nusu, debe kichwani, rozari mkononi. Pa kuingilia mjini askari mmoja, Silasi, akamsimamisha.

"Shikamoo mama. Umebeba nini?"

"Marahaba. Asali, na chini yake kadi kumi na tisa za chama."

Kicheko kikamtoka kama kawaida yake. Silasi naye akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Wewe mama wewe! Basi na mimi ndiye Gavana. Haya, pita!"

Walimu wote kumi na tisa walibaki na kazi zao. Siku ya Uhuru alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Mwaka 1974 watu walipohamia vijiji vya Ujamaa, alipangiwa nyumba karibu na mzee Mabruki, Mwislamu, kipofu. Kila alfajiri alipalilia mahindi ya mzee kwanza, ndipo yake. Alifariki tarehe 2 Februari 1976, sikukuu ya Bwana Kutolewa Hekaluni. Nyuki walitua juu ya jeneza lake, wasimuume hata mtu mmoja; Siwema mwenyewe alishuhudia.

Anayetaka kumwiga asitafute makubwa. Matangani Justus alisimulia habari za lile debe. Silasi, sasa mstaafu na mwanakijiji mwenzetu, akasimama. "Kumbe aliniambia kweli?"

"Kweli tupu. Wewe ndiye uliyecheka."

"Na Mabruki je," Siwema akauliza, "sasa nani atampalilia?"

Tukaangaliana. Silasi akachukua jembe la marehemu lililoegemea mlangoni, akatoka kwenda shambani kwa Mabruki.