Jumapili Kabla ya Plau

Mimi sipendi kushindwa, na yule mzee alinishinda kila Jumapili kwa miaka miwili.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Kerende, nimehamishiwa huko kutoka Singida. Gofu sikuwahi hata kuisikia. Lakini Wazungu wa mgodi wa zamani walikuwa wameacha uwanja wa mashimo tisa, na mzee huyo, jirani yangu, Mkurya mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, aliwabebea mifuko ya fimbo ujana wake wote bila kuruhusiwa kupiga mpira hata mara moja. Walipoondoka, alijipigia mpaka akashiba. Majani yalikatwa na ng'ombe wake. Kuzunguka kila shimo palikuwa na mchanga uliomwagiwa oili chafu ili usipeperuke, na yeye aliusawazisha kwa reki.

Tulikuwa na fimbo mbili, ya kupigia mbali na ya kusukumia, na mpira mmoja tu. Mmoja akimaliza shimo, mwenzake anaurudisha mpira mwanzo na kuanza. Balozi wa nyumba kumi alitukuta siku moja akasema huo ni mchezo wa mabepari. Mzee akamtazama.

"Watu wawili, mpira mmoja. Unataka ujamaa gani tena?"

Balozi akacheka, yakaisha.

Kiangazi cha mwaka wa pili mkutano wa kijiji ukaamua uwanja ulimwe, uwe shamba la mahindi la kijiji. Plau zingeingia Jumatatu. Sikuweza kubisha, mahindi yanaliwa, gofu hailiwi. Ila roho iliniuma, kwa sababu nilibakiwa na Jumapili moja tu ya kumshinda yule mzee.

Baada ya ibada nikamkuta uwanjani. "Shikamoo, tata," nikamwamkia, kama Wakurya wanavyomwita baba.

"Marahaba, mwalimu. Umekuja kushindwa mapema leo."

Jua liliwaka mpaka chuma cha fimbo kikawa hakishikiki. Lakini mkono wangu ulikuwa umeamka vizuri. Shimo la tatu mpira wangu uliruka kichuguu, ukatua pale pale nilipoutaka, nikapiga kelele kama mtoto. Shimo la sita mzee akaupeleka mpira vichakani, akautafuta kimyakimya, na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi. Tulifika shimo la tisa tukiwa sawa.

Mzee akalimaliza kwa mapigo sita. Mimi baada ya manne nilikuwa hatua nne tu kutoka shimoni. Pigo moja liingie, nimeshinda.

Ndipo maksai wake mkubwa mwekundu akaja taratibu, akalala juu ya mchanga, katikati ya mpira wangu na shimo, akaanza kucheua.

"Tata, mwinue ng'ombe wako!"

"Mwache apumzike. Kesho ana kazi."

"Kazi gani?"

Akaonyesha uwanja kwa kidevu.

Sikuwa nimejua kwamba plau ya kwanza ingekuwa yake. Hasira zikaniisha papo hapo. Nikakaa chini karibu na mzee, akanipa kibuyu cha maziwa ya mgando, tukanywa na kumsubiri maksai. Hakuwa na haraka hata kidogo.

Alipoinuka, mchanga ulikuwa umejaa alama za kwato. Mzee akachukua reki, akanisawazishia njia ya mpira mpaka shimoni, bila kunionea hata kidogo. Kisha akachomoa kijiti cha shimo, akajitenga ili kivuli chake kisinisumbue. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na Wazungu wa mgodi.

Nikasukuma. Mpira ukazunguka ukingo wa shimo, ukasita, ukaingia.

Nilirukaruka bila aibu, mwalimu mzima. Mzee akanipa mkono, akaubana kweli.

"Umenishinda, mura."

Mura ni jina wanaloitana vijana wa kwao, na mimi hakuwahi kuniita hivyo. Nilifurahi kuliko nilivyofurahia ushindi wenyewe.

Nilipogeuka kuchukua fimbo, nikamwona ameinama tena na reki, anafuta nyayo zetu mchangani, kuanzia shimoni kuja ukingoni.

"Tata, si unalima hapa kesho?"

"Nalima asubuhi," akasema, bila kuinua kichwa. "Sogeza mguu, umekanyaga."