Kilele Kilichotoweka Masuguru

Wiki tatu kabla ya kusimama mbele ya wenzangu kueleza matokeo yangu, nilirudi nyumbani Masuguru nikiwa na furaha iliyochanganyika na hofu. Kazi yangu ni kuchambua takwimu za migongano ya viini vya atomi za dhahabu, inayofanyika kwenye mashine kubwa ng'ambo. Viini hivyo vikigongana kwa kasi, maada yake huyeyuka kwa kitambo kidogo mno. Tunatafuta nukta moja ya joto na msongamano, ambapo namna ya kuyeyuka inabadilika. Dalili yake ni idadi ya protoni kuyumba kupita kawaida kutoka mgongano mmoja hadi mwingine. Kwenye grafu yangu iliyumba hasa, ikapanda na kufanya kilele. Miezi miwili nilikitazama bila kukiamini, wala sikuthubutu kukikana.

Baba alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha mkonge. Mchana mmoja alinikuta barazani nimeinamia kompyuta, chai imepoa.

"Mwanangu, hicho kitu kinakutesa nini?"

Nikamweleza huku nikimchorea kwa penseli. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mnajuaje kama ni mgongano mmoja? Sisi mafungu mawili ya mkonge yakiingia pamoja, mashine ilinguruma vibaya. Asiyeona angedhani limeingia fungu moja kubwa."

"Tunayo njia ya kuichuja migongano ya namna hiyo, baba."

"Na umechuja?"

Nikafungua programu kumwonyesha. Nilikuwa nimechuja takwimu zote, isipokuwa zile zenye kilele. Siku ya majaribio nilizima mstari mmoja wa programu unaochuja, nikasahau kuurudisha. Nikaurudisha, nikatuma kazi kwenye kompyuta za chuo, nikaenda kumsaidia mama kupukuchua mahindi aliyoletewa na dada yake kutoka Sindeni.

Alasiri majibu yakaja. Kilele hakipo.

Nilidhani nitalia. Badala yake nilivuta pumzi ndefu, mabega yakalegea. Nikampigia msimamizi wangu.

"Shikamoo, mwalimu. Kile kilele kilikuwa kosa langu."

"Marahaba. Umeliona mwenyewe?"

"Baba ndiye aliyeuliza."

"Msalimie sana. Lingeonekana ukumbini, tungeumbuka wote wawili."

Nukta yenyewe hatujaipata hadi leo. Siku ile nilikula ugali na kisamvu, nikaongeza sahani ya pili. Mama akanitazama.

"Kumbe ulikuwa na njaa," akasema.