Dawa za Miezi Mitatu

Mimi Dorkas, mhudumu wa afya wa hapa Mwankoko, ndiye niliyemfanyia bibi Severina lile jambo. Na wala sikulifanya kwa ubaya. Hilo ndilo linaloniuma.

Severina alikuwa mjane, mwanawe wa pekee yuko Itigi na haji. Zamani dawa za presha zilikuwa za kubahatisha pale zahanati, kwa hiyo wazee tuliwapa za wiki moja moja. Basi kila Jumanne Severina alifika kabla mlango haujafunguliwa, amejifunga kitenge cha kanisani. Wanakaa kwenye benchi yeye na mzee Philipo na wenzao, wanacheka mpaka nesi anatoka kuwanyamazisha.

"Philipo, wewe bado hujafa tu?"

"Nife nimwachie nani benchi, mwizi wa alizeti wee!"

Severina akishapimwa, bado haondoki. Nami nikawa nawaonea huruma, jamani. Watembee kote kule kwa vidonge saba!

Mwaka jana dawa zikaja kwa wingi. Nikamkalia nesi kooni: wape za miezi mitatu, wapumzike. Akakubali, nami nikajiona nimefanya la maana kweli. Severina alipopokea mfuko wake aliuliza, "Na Jumanne ijayo je?"

"Usisumbuke, bibi. Kaa nyumbani."

Akaitikia tu, akaondoka. Lile benchi tukalihamishia chumba cha chanjo.

Nilipaswa kumtembelea. Sikwenda, kazi zilinibana, na dawa si anazo? Nilikwenda mwezi wa tatu wa zile dawa ukielekea kwisha. Loh! Kuku wamezagaa ndani, mafiga yamepoa, na bibi amelala saa nne asubuhi, uso ukutani.

"Shikamoo, bibi."

Nikarudia.

"Marahaba," akasema bila kugeuka.

Mfuko ulikuwa msumarini, na fundo nililolifunga mwenyewe halijaguswa. Hasira zikanipanda. "Bibi! Unataka kufa?"

Ndipo akageuka. "Dorkas, mjukuu wangu, niambie ukweli. Niliwakosea nini?"

"Umkosee nani?"

"Ninyi wa zahanati. Mlinipa dawa nyingi ili nisirudi tena."

Nilimweleza kwamba wote walipewa, kwamba hata Philipo haji siku hizi. Nilidhani atafarijika. Akalia kama mtu aliyeletewa habari ya msiba, nami sikujua nimshike wapi.

Nilipompima, presha ilikuwa juu mno. Nikaita bajaji twende hospitali mjini, na njiani mkono wake wa kushoto ukalegea, mdomo ukaenda upande. Daktari akauliza mgonjwa amefikiaje hali hii.

Nikamwonyesha mfuko. "Hajanywa dawa, daktari. Wazee hawa hawasikii."

Severina alinisikia. Alinitazama tu, kwa kuwa ulimi wake haukuweza tena kunijibu.