Siku Nne za Mama Zaina

Siku ya kwanza kazini nilivalishwa vifaa vya masikioni kabla sijapewa viatu vya jeshi. Adjudanti Ramazani, mkuu wa fonia, mawasiliano ya redio, katika kambi yetu karibu na Simi-Simi, alinikalisha mbele ya redio ile iliyotuunganisha na poste za askari msituni. Akasema, "Andika kwanza, halafu useme. Sauti inapotea, karatasi inabaki."

Alikuwa mtu wa Maniema, mwanajeshi mkongwe mwenye risasi pajani, na kila asubuhi alisuka nywele za binti zake watatu mlangoni mwa kibanda chetu cha redio. Askari walimcheka. "Papa Adjudanti, na mimi unisuke!" Alijibu bila kuinua macho, "Leta kichwa, lakini chawa uache nyumbani."

Ni yeye aliyeanzisha desturi ya Jumanne. Ujumbe wa kazi ukiisha, wake wa askari waliingia mmoja mmoja, kila mmoja akasikia sauti ya mumewe kwa dakika moja.

Kisha akapelekwa yeye mwenyewe msituni, na kiti chake nikakikalia mimi. Mkewe, Mama Zaina, akawa wa kwanza kwenye foleni.

Jumamosi moja niliandika kwa mkono wangu ujumbe kwamba Adjudanti Ramazani amekufa kwa homa na amezikwa palepale. Sheria ilikuwa wazi: habari ya kifo hutiwa katika bahasha, na kamanda ndiye humwambia mjane. Lakini kamanda alikuwa safarini Yangambi, na naibu wake hakuthubutu kuifungua. Bahasha ikakaa mezani.

Jumapili Mama Zaina alipita kuulizia. Jumatatu akapita tena. Nilimwambia hewa ni mbaya, yaani mawimbi hayafiki. Jumanne akaketi na wenzake, akangoja hadi wote wakamaliza.

"Hewa iko mubaya, mama."

"Jana ulisema vile. Na huyu bibi ya kaporali, bwana yake iko poste moja na yangu, amemusikia sasa hivi. Hewa inachagua watu?"

Nilivua vifaa vya masikioni. Nikasimama, nikavua kofia. Aliitazama ile kofia, akafungua kilemba chake taratibu, akakikunja magotini kama nguo iliyokauka.

Kamanda aliporudi aliniita. "Nani alikupa ruhusa?"

"Hakuna, Komanda."

"Donc ulifungua bahasha yangu bila mikono. Siku nane, kasho."

Siku ya tatu kifungoni Mama Zaina alileta sombe ya majani ya muhogo na samaki. Aliuliza ujumbe wote, neno kwa neno, nikamtajia.

"Alisema kitu juu ya watoto?"

"Hapana, mama. Ni maneno yale tu."

"Bon. Nitawaambia vile. Kula."

Baadaye nilitumikia Yangambi, kisha Isangi, chini ya wakuu wengi ambao sura zao zimenitoka. Nilistaafu na sikio moja lisilosikia. Vijana wananiambia kazi yangu imekufa, maana siku hizi msiba unafika kwenye simu, mtu akiwa sokoni peke yake. Sijui kama ni afadhali, na nimechoka kubishana. Watu wananisifu kwa zile siku za kasho. Mimi nahesabu nyingine, tangu Jumamosi hadi Jumanne, mwanamke akiulizia sauti ya mtu aliyekwisha kuzikwa. Siku zile zilikuwa zake za kulia, na mimi ndiye niliyezichukua.