Magoti ya Tekla

Mimi na Tekla Kalinga tumekaa jirani miaka mingi katika soko la Mwanjelwa, yeye na magunia yake ya maharage, mimi na vitenge vyangu. Yeye ni Mhehe wa Idodi, Mkatoliki wa kusali rozari hata mvua ikivuja juu ya kichwa chake. Mimi naitwa Yasmini, wazee wetu walitoka Kilwa, nimezaliwa hapahapa Mbeya na baridi hii sijaizoea mpaka leo. Tunagombana karibu kila siku, na hatujawahi kufunga biashara tukiwa tumenuniana.

Naandika habari zake kwa sababu mwenyewe hatasema. Ukimuuliza amepona vipi, atakujibu, "Mungu amesaidia," basi. Mungu amesaidia kweli. Lakini mimi nilikuwepo, na ubishi wake wote niliuona.

Tekla alikuwa amevimba. Sisemi alinenepa, maana mnene ni mimi. Asubuhi alifika sokoni uso umejaa kama mtu aliyeumwa na nyuki. Soksi zilimwachia mtaro miguuni, na ukibonyeza kwa kidole palibaki shimo. Tumbo nalo lilijaa gesi hata kanga ikawa haifungiki. Viatu alishaviacha, akawa anavaa yeboyebo za mwanawe Saulo. Kutwa nzima alikaa juu ya kreti la soda akipima maharage kwa sado, hainuki mpaka jua lizame.

Pasaka akaenda kwao Idodi kumwona mama yake. Katika nyumba yao mtoto wa kike hamsalimii mama yake akiwa wima. Anapiga magoti kwanza, ndipo anasema, "Kamwene." Tekla alijaribu, magoti yakakataa. Alishika fremu ya mlango, akasalimia akiwa amesimama. Sasa yule bibi ana mtoto wa jicho macho yote mawili, watu anawajua kwa sauti. Akainua uso akauliza, "Nani huyu mgeni anayenisalimia kutoka juu?"

Alirudi Mbeya na neno hilo kifuani.

"Yasmini, mama yangu ameniita mgeni," aliniambia, akalia mbele ya wateja, mwanamke ambaye hata kwenye msiba wa mumewe alijikaza. "Mama amezeeka. Akiondoka kabla sijampigia magoti, hilo neno nitakwenda nalo wapi?"

Nilimpa pembe ya kitenge ajifute, nikawapimia wateja wake maharage.

Akaanza kujitibu mwenyewe. Dawa yake ilikuwa kuacha kunywa maji. Hoja yake ni kwamba mwili umeshajaa maji, ya nini kuuongezea? Midomo ikapasuka, kichwa kikamgonga, choo kikawa shida, miguu ikabaki vilevile. Nikachoka kumtazama.

"Dada Tekla," nikamwambia, "kesho twende kituo cha afya. Hutaki, hamisha magunia yako upande wa pili. Siwezi kukaa hapa nakuangalia unavyokauka."

Alikuja huku ananung'unika njia nzima. Pale tulimkuta nesi Devota, mwanamke mpole asiye na haraka, Mungu ambariki popote alipo. Alitwambia kuvimba miguu kunaweza kutoka kwenye moyo, figo au ini, kwa hiyo kwanza wapime. Wakapima mkojo na damu, daktari akamsikiliza moyo. Majibu yakatoka salama, ila presha ilikuwa imepanda kidogo. Tekla akafanya ishara ya msalaba, mimi nikasema alhamdulillahi, tukajikuta tunacheka.

Kisha Devota akamweleza taratibu. Apunguze chumvi. Anywe maji kama kawaida, maana akijinyima maji mwili nao unayang'ang'ania yale uliyonayo. Asikae kutwa bila kutembea. Akifika nyumbani alale na miguu iwe juu ya mto, na soksi za kubana aachane nazo. Soda anayoshushia chakula ndiyo inayomjaza tumbo, pamoja na kula haraka kama anayekimbizwa.

Tekla akishika neno ameshika. Dagaa wa chumvi aliwagawa kwa majirani. Mimi nikienda kuswali adhuhuri, yeye akawa ananisindikiza mpaka mlango wa msikiti, anazunguka soko lote, kisha anarudi kunichukua. Wambea wa Mwanjelwa wakatangaza kwamba Tekla anasilimu. Mwenyekiti wa jumuiya ya Tekla kanisani, mzee Sosthenes, alifika mpaka kwenye magunia kuuliza kwa upole.

"Ni miguu tu inayosilimu, mzee," Tekla akamjibu. "Mimi mwenyewe bado nipo."

Uso ukapungua kidogo. Tumbo na miguu vikabaki. Akarudi kwa Devota amekasirika, nami nyuma yake.

"Chumvi nimeacha kabisa, nesi. Hata punje. Mbona sipungui?"

"Jana umekula nini, mama?"

"Maharage."

"Na juzi?"

"Maharage na mboga za majani." Muuza maharage ulitaka ale nini?

"Unayapikaje?"

"Kama kila mtu. Na magadi."

"Kiasi gani?"

Tekla akakunja kiganja kuonyesha, tena kwa fahari. "Tangu niache chumvi naongeza. Bila hivyo yanapooza."

Devota akamwangalia, wala hakucheka. "Mama yangu, magadi yana sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi, ndiyo inayofanya mwili ushike maji. Chumvi hukuiacha. Unaila kwa jina lingine."

Ungeona alivyochukia! Magadi alifundishwa na mama yake, na mama yake na bibi yake. Maharage bila magadi, kwa Tekla, ni kazi ya mwanamke asiyejua jiko. Na mkaa je? Magadi ndiyo yanayolainisha haraka. Devota akamwacha amalize, kisha akamwambia aloweke maharage usiku kucha, ayamwage yale maji, apike kwa maji mapya. Yataiva upesi na gesi itapungua. Ladha aitafute kwenye tangawizi, kitunguu saumu, nyanya na ndimu.

Chungu cha kwanza aliniletea sokoni huku amenuna, apate wa kumuunga mkono kwamba ni uchafu. Nikaonja. Yalikuwa matamu, nikamwambia hivyo, nikamaliza bakuli. Hakunisemesha mpaka jioni.

Lakini aliendelea. Wiki zikapita, kanga ikaanza kufungika. Yeboyebo za Saulo zikarudi kwa Saulo. Kisha asubuhi moja ya baridi kali nilifika nikamkuta chini, sado imemponyoka na maharage yamemwagika, anayaokota. Alikuwa amepiga magoti. Wala hakujua kama amepiga magoti. Niligeukia vitenge vyangu nikapanga upya vilivyokuwa vimepangika, machozi yananitoka, na nilimshukuru Mungu kwa sauti ndogo.

"Dada Tekla," nikamwita baadaye, "jitazame ulivyokaa."

Akajitazama. Kisha akasema, "Twende wote Idodi."

Kwenye basi alikunywa maji bila kuogopa habari ya choo. Makambako alishuka akatembea huku na huku, kripsi za chumvi akazitazama tu. Iringa tukabadili gari, tukafika Idodi jua likiwa bado juu. Bibi alikuwa amekaa mkekani mbele ya nyumba, uso ameuelekeza njiani.

Tekla akavua viatu. Akashuka taratibu, goti moja, kisha la pili.

"Kamwene, mama."

Safari hii bibi hakuinua uso. Aliuinamisha pale sauti ilikotoka, akanyoosha mikono, akapapasa kichwa, mabega, kisha akayafikia magoti pale kwenye vumbi. Akayashika.

"Tekla," akasema. "Pasaka alikuja mgeni hapa. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa njiani, mama."

"Haya, umefika. Nashukuru. Inuka sasa, utaumia."

Tekla hakuinuka. "Niache hapa kidogo, mama," akasema. "Nimepangojea sana."