Kibuyu Nilichokiosha kwa Sabuni

Siku niliyoosha kibuyu cha Bibi Hawa naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na harusi yangu ilinyeshewa mpaka masufuria ya wali yakaelea. Keti hapo kwenye stuli. Najua una wazee wengine wa kuwageuza na ripoti ya kujaza kwenye simu, lakini jambo la sahani yangu ya juzi siwezi kulisema kabla sijakusimulia hili. Sikukasirika, usinitazame hivyo. Haya, nilikasirika kidogo.

Nilikuwa na umri kama wako nilipoajiriwa katika makao haya haya ya wazee. Wakati huo yalikuwa vyumba vinne na jiko la kuni, na barabara ya kwenda Garsen ilikatika kila mto ulipofurika. Mimi ni mtoto wa wakulima, Mpokomo wa kando ya mto, nimekulia kwenye mpunga na ndizi. Kazi niliipenda, na sifa nilizipenda zaidi. Matroni, yule mama aliyetuongoza, alikuwa na desturi ya kupitisha kidole juu ya vitanda akitafuta vumbi, na kwenye vyumba vyangu kidole chake kilirudi safi kila mara. Nilitembea humu ndani shingo juu, ungedhani makao ni ya baba yangu.

Bibi Hawa aliletwa wakati wa kiangazi. Alikuwa Muorma, mwanamke wa ng'ombe, mrefu, mkavu, macho yameingia ukungu. Ng'ombe wao walikuwa wamekufa karibu wote, na mwanawe wa pekee alikuwa amewaswaga wachache waliobaki kwenda mbali kutafuta majani. Mama hakuweza tena kumfuata. Hakuja na kitu ila kibuyu kimoja cha maziwa kilichofungwa kamba za ngozi. Wali wetu hakuutaka, ugali aliumega mara mbili akaacha. Lakini kila asubuhi Rukia, mama aliyeuza maziwa kutoka manyatta za wafugaji, alipita langoni, nasi tukamjazia Bibi Hawa kibuyu chake. Alikunywa taratibu amefumba macho, akashiba, kisha akatuombea dua sote mmoja mmoja.

Mimi kile kibuyu kilinikera. Kilinuka moshi. Nilipochungulia ndani niliona weusi mtupu, nikajiambia huu ni uchafu wa miaka, na siku bibi huyu akiharisha atakayeulizwa ni mimi. Basi asubuhi moja, alipokuwa akiota jua uani, nikakichukua. Maji ya moto, sabuni ya unga, brashi ya chupa. Nilisugua mpaka mkono ukaniuma. Maji yalitoka meusi, yakatoka kahawia, mwishowe yakatoka meupe, na mimi naimba. Nikakianika. Matroni alipopita akachungulia ndani, akasema, "Zipora, ungekuwa na pacha ningemwajiri leo leo."

Rukia akaja, tukamimina maziwa. Bibi Hawa akakishika kibuyu kwa mikono miwili, akakiinua hadi mdomoni, akakomea hapo. Akanusa. Akakigeuza, akanusa tena. Kisha akakiweka chini bila kumwaga hata tone.

"Nani alishika hii?"

"Ni mimi, bibi. Nimekuoshea. Sasa ni safi."

"Hii kibuyu ya mama yangu. Yeye alianza kufukiza, mimi nikafukiza juu yake. Moshi ya mama ilikuwa ndani." Hakupaza sauti. "Wewe umeosha mama yangu, umemwaga kwa mtaro."

Nilicheka. Siwezi kukuficha. Ilikuwa aibu iliyotoka kama kicheko, lakini yeye alisikia kicheko tu.

Tangu siku hiyo hakunywa ila maji kidogo. Tulimletea maziwa kwenye kikombe, akafunga midomo. Uji, hivyo hivyo. Siku ya nne mifupa ya bega ilikuwa inahesabika juu ya shuka, na daktari aliyetoka Hola akampima, akasema haoni ugonjwa, ila tukiendelea hivi hatamaliza wiki mbili. Matroni akaandika kwenye daftari: amekataa chakula. Na mimi, mwanangu, nililifurahia neno lile. Kosa lilihamia kwake, mimi nikatoka.

Rukia ndiye aliyenikamata langoni.

"Huyo mama hakatai chakula. Anakataa sabuni. Wewe ungekunywa?"

"Sasa nifanye nini?"

"Unaniuliza mimi? Kibuyu ni yangu? Enda muulize yeye."

Nilisimama pale na ndoo yangu nikagundua kwamba kwa muda wote ule sikuwahi kumuuliza Bibi Hawa chochote, ila umelala aje na umeenda choo. Nilijua mwendo wa tumbo lake. Jina la mama yake sikulijua.

Nikaenda, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikaomba radhi. Akageukia ukuta. Nikarudi mchana, akageukia ukuta. Kesho yake asubuhi nikarudi tena. Safari hii akanigeukia, akaniuliza, "Iko na kisu?"

Akanituma kijiti cha kufukizia, maana kibuyu cha maziwa kwao husafishwa kwa moshi. Nilileta cha kando ya mto, akakinusa, akakitupa kule. Rukia akanipeleka ng'ambo ya barabara, nyikani, kwenye miti ambayo maisha yangu yote niliiita kuni tu. Huko nikapata chenyewe. Nikakichoma mpaka kikawa kaa, nikakiingiza kibuyuni, nikafunika, nikatikisa, nikapangusa majivu. Mara ya kwanza niliungua vidole viwili nikaruka juu, na Bibi Hawa akacheka. Katika siku hizo zote kicheko hicho ndicho chakula pekee nilichokipata mimi. Asubuhi nilifukiza, jioni nilifukiza, yeye ananusa, anatikisa kichwa, lakini sasa alikubali uji kwenye kikombe ili apate nguvu ya kunigombeza.

Siku moja akanusa, akanywa. Akafuta mdomo kwa ukingo wa mtandio.

"Hii si ya mama yangu," akasema. "Hii ni moshi yako." Nikainamisha kichwa, machozi yananitoka. Akanishika kidevu. "Lakini inanyweka."

Aliishi misimu miwili ya mvua baada ya hapo, na mwanawe alipokuja alimkuta amenenepa mashavu. Nilimweleza Matroni yote, akanisamehe; Bibi Hawa naye alinisamehe. Lakini moshi wa mama yake haukurudi, na mimi ndiye niliyeumwaga kwa mikono safi.

Sasa nisikilize. Nyinyi mnatushinda sisi mbali sana. Mna glavu, mna magodoro ya kuzuia vidonda, mnatugeuza kwa saa. Endeleeni hivyo hivyo, msilegeze. Ila kabla hujaosha kitu cha mzee, kabla hujakitupa wala kukihamisha, muulize. Akigeukia ukuta, rudi tena umuulize. Na usiandike "amekataa" mpaka umejua anachokikataa ni nini. Usipouliza, hakuna shuka jeupe litakaloziba pengo hilo.

Tangu kiharusi kile kidogo, maneno mengine yananiponyoka. Ndiyo maana nataka ujue leo, nikiwa bado naweza kusema. Juzi uliondoa ukoko kwenye sahani yangu ukaniachia wali laini, kwa sababu sina meno. Nilielewa, ni huruma yako. Lakini mama yangu alikuwa akitukwangulia ukoko chini ya sufuria siku ya mavuno, na mimi kifungua mimba nilipewa kipande kikubwa. Niwekee. Nitaunyonya mpaka ulainike, nina muda.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, isichoke na isijione. Akupe watoto wa kukupenda na miguu ya kukufikisha mbali. Na siku utakapolala kwenye kitanda kama hiki, maneno yamekwisha, akuletee binti ambaye ulimweleza mapema.